Chumvi Katika Maji: Ilimu, Tohara na Uhai wa Watoto Wetu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu na kukiwekea kipimo chake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema.

Ama baada. Ndugu zetu Waislamu, iko hadithi mashuhuri waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, ya mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba wao husafiri baharini na huchukua maji machache, na lau watatawadha kwa maji hayo watapatikana na kiu. Je, yafaa kutawadha kwa maji ya bahari? Mtume (S.A.W.) akamjulisha kwamba maji ya bahari yatoharisha, na kwamba mzoga wake ni halali.

Sisi watu wa pwani twaijua hadithi hii tangu chuoni. Lakini ni wangapi wetu waliolifikiri lile swali lenyewe? Muulizaji hakuwa mpumbavu. Alijua kwamba ndani ya maji ya bahari mna kitu kisichokuwa maji, kitu ambacho jicho halikioni lakini ulimi wakijua. Shaka yake ilikuwa hii: je, kitu hicho chayatoa maji katika umaji wake? Jawabu aliipata, na Umma wote ukafaidika nayo. Leo twataka kuingia kwa mlango uo huo wa swali lake, tutazame hali ya kitu kimoja kumumunyika ndani ya kingine, kwani jambo hili lagusa tohara yetu, visima vyetu, na zaidi ya yote lagusa uhai wa watoto wetu.

CHUMVI HAIKUPOTEA

Tia kijiko cha chumvi katika gilasi ya maji, ukoroge. Baada ya kitambo kidogo hutaiona tena. Mtoto husema imepotea. Na watu wazima wengi, ijapokuwa hawasemi, hudhania vivyo hivyo. Haikupotea. Yapime maji na chumvi kwa mizani kabla ya kuvichanganya, kisha upime mchanganyiko wake: uzito ni ule ule. Yaanike maji yale juani katika sahani hata yakauke, utaikuta chumvi yako imekaa chini. Na mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa ukubwa wake, na aende Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa katika majaruba mapana, jua na upepo vikayachukua maji, chumvi ikasalia ikakusanywa. Katika kila lita moja ya maji ya bahari kubwa mna gramu 35 hivi za chumvi, nayo haionekani hata punje moja.

Basi huenda wapi? Chumvi tunayokula imefanywa na vitu viwili, sodiamu na klorini, ambavyo vijichembe vyake vimeshikana kwa nguvu ya umeme: vya sodiamu vina umeme wa namna moja, na vya klorini vina umeme wa namna ya pili ulio kinyume chake. Na maji nayo yamefanywa na chembe ndogo mno, kila moja ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na chembe hiyo ina pande mbili zilizohitilafiana umeme wake. Chumvi ikitiwa majini, chembe za maji huizunguka. Zinazoikabili sodiamu huigeuzia upande wa oksijeni, na zinazoikabili klorini huigeuzia upande wa haidrojeni, zikavuta, hata vijichembe vikabanduka kimoja kimoja na kuchukuliwa huku na huku, kila kimoja kimezungukwa na maji kama mgeni aliyezungukwa na wenyeji. Kwa hivyo, ukisha koroga vyema, tone la juu la gilasi lina chumvi sawasawa na tone la chini.

Sukari nayo humumunyika, ila haivunjiki vipande viwili kama chumvi. Chembe zake hutoka nzima nzima, kwa kuwa zina pande zinazoshikana na maji. Mafuta hayana pande hizo, na kwa hivyo hukaa juu ya maji hata ukoroge mchana kutwa.

Na tusichanganye maneno mawili. Barafu huyeyuka kwa joto, na samli huyeyuka. Hapo kitu ni kimoja kilichogeuka hali yake. Chumvi katika maji humumunyika. Hapo vitu ni viwili, kimoja kimeenea ndani ya kingine. Kinachopatikana huitwa mmumunyo, na Waarabu hukiita mahluli.

Mambo haya yana mipaka isiyovukwa. Lita moja ya maji yasiyo moto hukubali chumvi gramu 360 hivi. Ukizidisha, ya ziada hukaa chini na hukoroga bure. Sukari hukubaliwa nyingi zaidi, yapata kilo mbili kwa lita. Maji yakichemka, sukari inayokubaliwa huzidi mara mbili, lakini chumvi huzidi kidogo tu, hata isifike gramu 400. Mama apikaye shira ya kaimati alijua jambo hili kabla hajalisoma: shira iliyopikwa nzito, ikipoa, sukari yake huganda ikawa punje, kwa sababu maji yaliyopoa hayawezi kuichukua ile iliyochukuliwa na maji ya moto. Na hewa nayo humumunyika majini, lakini mwenendo wake ni kinyume: maji yakizidi joto, hewa hupungua ndani yake. Samaki wanavuta oksijeni iliyomumunyika katika maji, wala si povu tulionalo.

WALIYOYAONA MAULAMAA

Sasa tuingie katika vitabu vyetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake ambayo imesomeshwa kwetu pwani miaka mingi, na wote waliofuata madhhabu ya Imam Shafi, wamepambanua namna mbili za kitu kitoharifu kinachoingia majini. Namna ya kwanza ni kile kinachokaa na maji bila kuungana nayo, kama mafuta au kijiti cha udi. Nacho wamekiita mujawir, yaani jirani. Namna ya pili ni kile kinachoingiana na maji hata jicho lisiweze kukipambanua, kama zafarani. Nacho wamekiita mukhalit, mwenye kuchanganyika. Jirani hata akiyageuza maji harufu, hayaondolei sifa ya kutoharisha. Mwenye kuchanganyika, akiyageuza mno hata yasiweze tena kuitwa maji tu, huyaondolea sifa hiyo. Yakabaki ni tohara lakini hayatoharishi, kama chai na sharbati.

Tizama, ewe ndugu, usahihi wa kauli hii. Hapana aliyekuwa na darubini ya kutazamia vijidudu wala mizani ya kupimia chembe, walakini waliona kwamba kukaa ndani ya maji si sawa na kuingiana na maji, wakajenga hukumu juu ya tofauti hiyo. Wakaendelea mbele zaidi wenye kusherehesha: chumvi iliyotokana na maji haiyadhuru maji, kwani asili yake ni maji, lakini chumvi ya jabali, ikiyageuza mno, hudhuru. Na hili lakubaliana na ile hadithi ya bahari tuliyoanza nayo.

Tena tizama jambo la pili. Maji yakifika kullatein, ambayo ni ratili 500 za Baghdad, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila ikiyageuza rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Lakini yakiwa chini ya kipimo hicho, hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, ingawa hayakugeuka. Maana yake ni kwamba katika maji machache maulamaa hawakuliamini jicho peke yake. Walijua kuwa kitu chaweza kuwamo na kisionekane. Fundisho hili ndilo tunalolihitaji leo, nasi tumelisahau.

MAJI YA TOHARA NA MAJI YA KUNYWA

Ndugu zetu, liko kosa linalozunguka katika miji yetu. Mtu hutazama maji ya kisima, akayaona meupe, hayana harufu wala ladha mbaya, akasema: maji haya ni tohara, basi ni salama, akanywa na akawanywesha watoto wake. Katika fikihi huenda ni kweli kwamba maji yale yafaa kwa udhu. Lakini sheria ya udhu ni jambo moja, na afya ya mwili ni jambo jingine, na yote mawili tumeamrishwa kuyahifadhi. Birika la msikiti lililofika kullatein latosha kwa kutawadha. Hatukuambiwa kwamba ni lazima lifae kwa kunywa.

Miji yetu ya kale ilijengwa nyumba karibu karibu, na kisima hakikuwa mbali na choo. Choo cha shimo kikiwa juu ya mchanga au juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa, maji ya mvua hupita ndani yake, yakamumunya yanayomumunyika, yakachukua na vijidudu, yakashuka hata kwenye maji ya chini ambayo ndiyo tunayoyateka. Miongoni mwa yanayomumunyika iko naitreti, ambayo haina rangi wala harufu, nayo ikizidi katika maji yanayochanganyiwa maziwa ya mtoto mchanga, humharibia damu yake isiweze kuchukua oksijeni sawasawa. Ni kitu gani kitakachoonekana na jicho hapo? Hapana. Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Katazo hili wamelipokea Bukhari na Muslim. Ajabu ni kwamba twalihifadhi katazo lile kwa ulimi, kisha twachimba shimo la choo ubavuni mwa kisima!

Na tuzijue dawa za maji, kila moja na kazi yake, ili tusijidanganye:

Kwanza, kuchuja kwa kitambaa. Huondoa taka zilizo kubwa tu. Kilichomumunyika hupita pamoja na maji, kwa kuwa ni kidogo kuliko tundu la kitambaa chochote.

Pili, shabu. Shabu ikitiwa hulikusanya tope likashuka chini, maji yakawa meupe. Ni jambo jema, lakini haiondoi chumvi iliyomumunyika, wala maji meupe ya shabu hayaaminiki kuwa hayana vijidudu mpaka yatiwe dawa au yachemshwe.

Tatu, kuchemsha. Huua vijidudu vya maradhi. Lakini chumvi na naitreti hazitoki kwa kuchemsha. Bali maji yakipungua kwa mvuke, yaliyosalia huzidi ukali.

Nne, dawa ya klorini. Nayo yenyewe humumunyika katika maji na huua vijidudu vingi, ila itiwe kwa kadiri iliyoandikwa, na maji yaachwe muda ulioamrishwa kabla ya kunywewa.

Ama maji ya kisima yaliyoingiwa na bahari, hayo hayana dawa ya jikoni. Kisima cha pwani kikitekwa kuliko kinavyojazwa na mvua, maji ya bahari huingia pole pole mahali pa maji matamu, na yakisha ingia hayatoki upesi. Kwa sababu hii vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya mji wa Lamu, ni amana ya watu wote. Mwenye kujenga juu yake anakula maji ya wajukuu zake na ya wajukuu wa wenziwe.

KIJIKO NA UHAI

Twafika sasa kwenye shabaha ya maneno yetu.

Kipindupindu si kigeni pwani hii. Kilipita Unguja mwaka 1869 na 1870, na tabibu James Christie, aliyekuwako huko, akaandika kitabu juu yake kilichotolewa mwaka 1876. Na nchini Kenya kilizuka tena mwezi wa Oktoba 2022. Lakini hata pasipo kipindupindu, kuharisha kwa kawaida kwawachukua watoto wadogo. Mtoto wa kuharisha hauawi na kuharisha kwenyewe. Huuawa na kukaukiwa na maji na chumvi za mwili wake, ambazo humtoka pamoja. Nao mwili hauna ghala ya akiba.

Mtu atasema: basi anyweshwe maji. Naam, lakini maji matupu hayatoshi, kwani chumvi iliyotoka haikurudi. Mwingine atasema: atiwe chumvi katika maji. Nayo peke yake haifai, kwani utumbo unaoharisha haupokei chumvi peke yake vizuri. Siri ilipatikana kwa uchunguzi. Mwaka 1960, katika mkutano wa wanavyuoni mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo sodiamu na glukosi hupita pamoja, kama watu wawili waliopewa mlango mmoja, hapiti mmoja bila mwenziwe. Na vikisha pita, maji huvifuata. Na mlango huo haufungwi na kipindupindu. Basi chumvi na sukari, vikimumunyika katika maji kwa kipimo chake, huingia mwilini na kuyaingiza maji, hata kama mgonjwa bado anaharisha.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walijaa Bongaon mpakani mwa India, na kipindupindu kikawashukia. Maji ya kutia mishipani yakawa hayatoshi. Daktari Mbengali, Dilip Mahalanabis, akaamrisha ichanganywe glukosi gramu 22, chumvi gramu 3.5 na magadi ya kupikia gramu 2.5 katika kila lita ya maji, wagonjwa wakanyweshwa na jamaa zao kwa vikombe. Kabla yake walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100. Katika waliotibiwa kwa njia hii walikufa chini ya 4. Kisha baada ya vita, shirika la BRAC la Bangladesh, baina ya mwaka 1980 na 1990, likawatuma wanawake nyumba kwa nyumba, wakafika nyumba zaidi ya milioni 12, wakiwafundisha kina mama kutengeneza mmumunyo huu kwa chumvi na sukari guru iliyomo jikoni. Na ujira wa mwalimu ulitegemea mama amekumbuka kiasi gani katika aliyofundishwa. Wengi katika kina mama hao walikuwa Waislamu kama sisi, na wengi hawakujua kusoma. Basi sisi tuna udhuru gani?

Haya ndiyo ya kufanya, na kila nyumba iyahifadhi:

Lililo bora ni pakiti ya dawa hii ipatikanayo zahanati na madukani, ambayo imekwisha pimwa. Pakiti ya lita moja imumunywe yote katika lita moja ya maji salama, isipunguzwe wala isiongezwe. Ikiwa haipatikani, chukua maji salama lita moja kamili, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Koroga hata usione punje. Usichemshe baada ya kuchanganya. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hata 100 kila baada ya kuharisha, na aliyezidi umri huo mililita 100 hata 200, kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umrudie pole pole. Asikatizwe ziwa la mama yake, wala asizuiliwe chakula. Apewe pia zinki kama atakavyoamrisha mganga wa zahanati, kwa siku 10 hata 14. Na ukiona macho yamedidimia, au amelegea, au hawezi kunywa, au choo kina damu, usikae nyumbani: mpeleke hospitali huku ukimnywesha njiani.

Na kipimo, kipimo, ndugu zetu! Chumvi ikizidi, huingia katika damu na ubongo ukadhurika. Na mtoto huweza kupatikana na kifafa. Ni kama msafiri wa jahazi aliyeishiwa na maji akanywa ya bahari: mwili wahitaji kutoa maji mengi zaidi ya aliyokunywa ili kuiondoa chumvi ile, naye huzidi kukauka. Sukari ikizidi, huyavuta maji ya mwili yakaingia tumboni, kuharisha kukazidi. Ndiyo sababu soda na sharbati tamu hazifai. Mtu asionje akasema bado haijakolea. Mmumunyo huu haupikwi kama mchuzi, wala ladha yake si ushahidi.

HOJA ZINAZOTOLEWA

Husemwa: maji humzidishia mtoto kuharisha. Twajibu: dawa hii haikusudiwi kukata kuharisha papo hapo, huenda kukaendelea siku mbili tatu. Imekusudiwa kurudisha kinachotoka. Mwenye mtungi unaovuja huujaza hata uzibwe. Hauachi ukakauka kwa hoja kwamba bado wavuja.

Husemwa: ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli isiyo shaka. Na maji, chumvi na sukari ni vya nani? Aliyeiumba ajali ndiye aliyeuumba ule mlango katika utumbo, akauacha wazi hata wakati wa maradhi. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na akamwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kumwacha mtoto akauke kisha kuliita jambo hilo tawakuli, ni kumzulia Mwenyezi Mungu.

Husemwa: hizi ni ilimu za Wazungu. Al-Razi, tabibu Mwislamu aliyefariki mnamo mwaka 925, katika Kitab al-Asrar alieleza kazi ya hall, yaani kumumunya, miongoni mwa kazi za ilimu ya kemia. Ilimu hii ilikaa nyumbani kwetu kabla ya kusafiri. Aliyeipokea akaitunza hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeipoteza kisha akaikana ilipomrudia.

Husemwa: tumekwisha mpa kombe. Hapa hatutaki kufungua mlango wa khitilafu. Wanavyuoni wamesema yao juu ya jambo hili, na mwenye kutaka atawauliza. Twasema neno moja ambalo hapana mwenye kukhalifu. Sahani ile ikioshwa, kinachomumunyika katika maji ni zafarani. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayamumunyiki. Hayo hupokewa kwa kusomwa, na kufahamiwa, na kufuatwa. Na katika kuyafuata ni kuihifadhi nafsi ya mtoto ambayo ameiharamisha kupotezwa. Kikombe kidogo cha kombe hakirudishi lita ya maji iliyomtoka mtoto. Basi mwenye kumwombea mtoto wake na amwombee, dua ni silaha ya Mwislamu; lakini asimwombee huku amemnyima maji.

FUNDISHO

Tumeona kwamba kilichomumunyika hakionekani, walakini kimo, na hufanya kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa mambo mengi ya dini yetu. Mwuza maziwa anayetia maji hadhihiriki katika gilasi, kwani maji na maziwa huingiana, lakini Mtume (S.A.W.) amekwisha kujitenga na mwenye kughushi. Pesa za riba zikiingia katika mali ya halali, hapana mwenye kuzinyoosha kidole akasema, hizi hapa; lakini zimo katika kila tonge. Na kadhalika wema: ilimu ndogo ikimumunyika katika mji, hutaiona juu ya kuta wala katika ngoma na maandamano, utaiona katika makaburi madogo yaliyopungua.

Basi twawaomba maimamu walitaje jambo hili siku ya Ijumaa, na waalimu wa madrasa wawafundishe wanafunzi, hasa wasichana na wavulana wanaowalea wadogo zao. Twawaomba wenye nyumba waweke jikoni chupa ya lita moja iliyotiwa alama, na kijiko kimoja cha chai kisichobadilishwa. Twawaomba wazee wa mitaa wakague masafa baina ya vyoo na visima. Haya hayataki mali nyingi; yataka nia na kipimo.

Ewe Mwenyezi Mungu, tupe ilimu yenye manufaa, na uitoharishe mioyo yetu na maji yetu, na uwahifadhi watoto wetu, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojua kisha wasitende. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.